Mahindi Yana Kiu: Pankeki Nene za Sembe na Molasi

Pankeki ya mahindi ikitoka bapa, nzito, na inakwaruza ulimi kama mchanga wa ufukweni, lawama huangukia bekingi pauda. Mpishi anaongeza kijiko, na kesho yake pankeki inatoka bapa vilevile, ila sasa ina ladha ya sabuni. Kosa halikuwa kwenye pauda. Lilifanyika mapema, kwenye bakuli, kabla kikaango hakijapata moto: unga wa mahindi haukupewa maji ya kutosha, yaliyotiwa hayakuwa ya moto, na haukuachiwa muda wa kuyanywa. Mahindi yana kiu. Ukiyanywesha kwanza, kazi iliyobaki ni ndogo.

Tunazungumzia pankeki nene, kimo cha sentimita moja na nusu hivi, laini ndani, kingo zimekauka kidogo, rangi ya kahawia iliyokolea, utamu wa molasi, ile shira nzito nyeusi ya muwa. Hizi si chapati za maji, ambazo ni nyembamba na za ngano. Kwa unene zinakaribiana zaidi na vibibi vya pwani, isipokuwa vibibi ni vya mchele na nazi, na huumuliwa kwa hamira. Asili ya hizi ni Marekani. Wenyeji wa bara lile walisaga mahindi na kuyaoka kuwa mikate bapa karne nyingi kabla ya wageni kufika. Walowezi wa Kiingereza waliiga, na kwa kuwa sukari nyeupe ilikuwa ghali, wakatia utamu wa molasi iliyoletwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha Uingereza kuitungia sheria ya ushuru mwaka 1733, kisha nyingine mwaka 1764, na ushuru huo ukawa mmoja wa mambo yaliyowakasirisha watu wa makoloni yale.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria hatuhitaji meli. Mahindi yapo, miwa ipo, na maziwa ya mtindi ya Usukumani yapo. Kinachohitajika ni kujua vitu hivi vinatofautiana wapi na vile ambavyo mapishi ya Kimarekani yanavidhani, kwa sababu ukiyafuata mapishi hayo neno kwa neno ukiwa Nyakato au Kirumba, hapa Mwanza, hayatoki sawa.

Unga

Unga wa mahindi wanaoutumia Wamarekani kwa kawaida ni wa njano na una chenga. Wetu ni mweupe, na dukani uko wa namna mbili. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa, ganda na kiini vimeondolewa, kisha yakasagwa laini. Dona ni punje nzima. Tofauti hii si ya rangi tu. Kiini cha punje ndicho chenye mafuta, kwa hiyo dona ina harufu nzuri zaidi ya mahindi, lakini mafuta hayo huchacha. Dona iliyokaa wiki kadhaa kwenye joto la stoo huwa na uchungu ambao molasi haiwezi kuuficha. Ganda nalo hunywa maji polepole na kwa wingi.

Kwa mara ya kwanza tumia sembe tupu. Inanywa maji haraka, inatoa pankeki laini, na itakufundisha uzito sahihi wa rojo. Ukishaizoea, badili nusu ya sembe kuwa dona iliyosagwa karibuni na uongeze vijiko viwili vya chakula vya maji. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo pankeki yenyewe, kwa sababu molasi ni kitu chenye sauti nzito na sembe peke yake ina ladha ndogo mno ya kujibizana nayo.

Nusa unga kabla ya yote. Ukinuka uvundo au ukungu, tupa. Sumukuvu inayoletwa na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu haifi kwa moto wa kikaango, wala kwa moto wa ugali.

Ngano lazima iwemo kama unataka pankeki iumuke. Unga wa ngano ukilowana hutengeneza glutini, utando unaovutika na kushika hewa. Protini ya mahindi haifanyi hivyo. Rojo la mahindi matupu hutoa mapovu mazuri, kisha mapovu yanapasuka yote na pankeki inakaa. Kipimo kinachofanya kazi ni nusu kwa nusu: kikombe kimoja cha mahindi, kikombe kimoja cha ngano. Unaweza kufika vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha ngano, lakini hapo itabidi upige ute wa mayai kando mpaka usimame, na hata hivyo hazitafikia kimo kile.

Na sasa maji. Wanga wa mahindi ukiwa kwenye maji baridi hauyanywi. Punje zake ndogo zinatulia chini, jambo analolijua kila aliyewahi kukoroga uji akageuka kidogo. Maji yakifika nyuzi 65 hadi 75 za Selsiasi, punje hizo huvimba, hupasuka na kushika maji kwa nguvu. Pankeki hukaa kikaangoni dakika nne au tano tu. Ukiumimina unga wa mahindi mkavu moja kwa moja kwenye mtindi na mayai, dakika hizo hazitoshi kuuivisha katikati. Hapo ndipo chenga zinapotoka, na hapo ndipo ladha ya unga mbichi inapotoka. Ngano nayo inakuwa imejipatia maji yote wakati mahindi bado yanayatafuta, kwa hiyo rojo linaloonekana sawa unapolikoroga linageuka zege baada ya robo saa.

Dawa ni kuuchoma unga kwa maji yanayotokota. Mwanza tuko juu. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Yanatosha, ila hayana ziada. Bakuli la bati lililokaa kwenye sakafu ya saruji asubuhi, pamoja na unga wenyewe ulio baridi, vinaweza kuyashusha mpaka yasifike joto la kuvimbisha wanga. Basi yatoe jikoni yakiwa bado yanaruka, siyo yaliyokaa kwenye chupa ya chai tangu alfajiri, na funika bakuli mara ukimaliza kukoroga.

Molasi, na kwa nini usinunue ile ya ng'ombe

Molasi ni kile kinachobaki juisi ya muwa inapochemshwa ikawa nzito, sukari ikaganda kuwa fuwele, na fuwele zikatolewa. Ikichemshwa mara ya kwanza, kinachobaki bado ni kitamu na cha rangi ya asali iliyokolea. Mara ya pili kinakuwa cheusi zaidi, utamu umepungua. Mara ya tatu kinakuwa kama lami, kichungu, sukari inayoweza kutolewa imeshatolewa karibu yote. Mapishi ya pankeki yanaposema molasi yanamaanisha ya kwanza au ya pili.

Ile ambayo watu wa Kanda ya Ziwa wanaifahamu ni ya mwisho. Inatoka kwenye viwanda vya sukari, kama kile cha Missenyi mkoani Kagera au vile vya Muhoroni na Chemelil upande wa Kenya, na inauzwa kwa madumu kwenye maduka ya pembejeo za mifugo. Usiitie kwenye chakula cha watu. Ubaya hauko kwenye muwa. Uko kwenye njia iliyopita. Haikufungashwa kwa usafi wa chakula, mapipa yake huenda yalibeba vitu vingine, na baadhi ya bidhaa za molasi za ng'ombe zimechanganywa na yurea, ambayo tumbo la ng'ombe linaiweza na la mtoto wako haliiwezi. Hata ikiwa safi kabisa, ni chungu.

Molasi ya chakula ikiwa kwenye chupa ya kioo utaipata mara mojamoja kwenye supamaketi kubwa, na bei yake si ya kila Jumamosi. Kilicho karibu, cha bei nafuu, na kwa pankeki hizi hakipungui kitu cha maana, ni sukari guru, ambayo Wakenya huiita sukari nguru. Hii ni juisi ya muwa iliyochemshwa mpaka ikaganda bila kutolewa fuwele, kwa hiyo molasi yote imo humo ndani. Neno lenyewe limetoka kwa Wahindi, na maduka yao ya viungo bado ni mahali pazuri pa kuiulizia. Chagua donge la rangi ya kahawia iliyokolea, lenye harufu ya moshi kidogo. La njano sana limesafishwa kupita kiasi, halina ladha tunayoitafuta. Onja kipande kabla ya kulipa. Lenye chumvichumvi liache.

Kuligeuza kuwa molasi ya kumimina ni kazi ya dakika kumi na tano. Katakata au paruza gramu 250 za sukari guru. Weka kwenye sufuria ndogo yenye kitako kizito, tia mililita 125 za maji, yaani nusu kikombe, na uyeyushe kwa moto mdogo bila kuchemsha. Ikishayeyuka yote, chuja kwa kitambaa. Usiruke hatua hii. Utashangaa makapi ya muwa na mchanga vinavyobaki. Rudisha jikoni, tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, na chemsha taratibu dakika tano hadi nane. Ndimu ina kazi mbili hapa: asidi yake huvunja sehemu ya sukari ili isigande tena ndani ya chupa, na asidi hiyohiyo itakuja kuamsha soda kwenye rojo.

Kujua imeiva, weka tone kwenye kisahani baridi, subiri nusu dakika, kisha inamisha. Likitiririka kama maji, bado. Likisogea polepole na kuacha mkia, toa. Likikaa tuli umepitiliza. Ongeza kijiko cha maji uchemshe kidogo. Kumbuka ikiwa ya moto ni nyepesi kuliko itakavyokuwa ikipoa, na wengi huikausha kwa kusahau hilo. Utapata karibu kikombe kimoja. Ukitaka ladha kali zaidi inayokaribia molasi ya dukani, iache dakika mbili zaidi mpaka rangi iwe ya kahawa, ila simama hapohapo, maana kati ya harufu nzuri ya kuungua kidogo na uchungu ni sekunde chache. Hifadhi kwenye chupa ya kioo iliyokaushwa vizuri, chota kwa kijiko kikavu.

Kuna wanaosema molasi ni dawa. Ina madini kuliko sukari nyeupe, hasa potasiamu, kalsiamu na chuma kidogo, lakini kwa vijiko vitatu vilivyogawanywa pankeki kumi na mbili hiyo si hesabu ya kujenga mwili. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari.

Soda, pauda, na magadi ambayo si yenyewe

Molasi ni asidi kidogo. Mtindi ni asidi zaidi. Zote mbili zikikutana na bekingi soda hutoa hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) papo hapo, na soda inapotumika yote, ladha yake ya sabuni inaondoka. Nusu kijiko cha chai cha soda kinatosha kwa asidi ya kikombe kimoja cha mtindi. Ukizidisha, soda iliyokosa asidi inabaki, na inafanya mambo matatu kwa pamoja: inaleta sabuni mdomoni, inaifanya pankeki iwe nyeusi haraka kabla ya kuiva, na inakula ule uchachu mwembamba unaoipa molasi uhai.

Bekingi pauda ni soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu. Nyingi zinazouzwa sasa hufanya kazi mara mbili, zikilowana na tena zikipata joto. Ndiyo maana tunatumia vyote viwili: soda kwa ajili ya mtindi na molasi, pauda kwa ajili ya ule mnyanyuko wa pili kikaangoni. Na hapa mwinuko wetu una faida. Hewa ikiwa nyepesi, mapovu hupanuka zaidi. Mapishi ya Dar es Salaam au ya miji mingine ya usawa wa bahari yapunguze pauda kwa moja ya nane kwa kila kijiko cha chai. Usipopunguza, mapovu yatakuwa makubwa mno, yatapasuka, na pankeki itaumuka vizuri kisha izame ukiwa unaitazama.

Magadi yale ya kuchemshia maharage siyo bekingi soda. Yana soda ya aina kali zaidi ndani yake pamoja na uchafu wa udongo, na hayapimiki.

Unyevu wa ziwani huiua pauda iliyoachwa wazi. Jaribu: kijiko cha chai ndani ya robo kikombe cha maji ya moto. Ikichemka kwa kishindo, nzima. Ikitoa mapovu ya uvivu, kanunue nyingine. Soda ijaribu kwa maji ya ndimu.

Vipimo na kuchanganya

Kikombe hapa ni mililita 250. Kama huna cha kupimia, chupa ya maji ya nusu lita ni vikombe viwili kamili. Jaza, mimina nusu kwenye kikombe chako cha chai, weka alama. Unahitaji kikombe kimoja cha sembe (gramu 150 hivi), kikombe kimoja cha ngano (gramu 130), robo tatu ya kikombe cha maji yanayotokota, kikombe kimoja cha mtindi ambacho robo yake utaiweka kando, mayai mawili, vijiko vitatu vya chakula vya molasi, vijiko vitatu vya chakula vya samli au siagi iliyoyeyushwa, kijiko kimoja na robo tatu cha chai cha bekingi pauda, nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usiiache chumvi. Bila chumvi molasi inakuwa tamu bila umbo.

Ukiwa na molasi ile nyeusi kabisa ya chupa, tia kijiko kimoja tu na vijiko viwili vya sukari ya kawaida.

Sembe yetu ni laini sana, na unga laini ukimwagiwa maji ya moto hufanya mabonge: nje yanaiva na kufunga, ndani unga unabaki mkavu. Kwa uji tunakwepa hilo kwa kukoroga na maji baridi kwanza. Hapa hatuwezi, kwa sababu maji baridi yatapoza yale ya moto. Njia ni samli. Tia sembe na chumvi kwenye bakuli, mimina samli iliyoyeyuka, na usugue kwa vidole mpaka unga wote uwe kama mchanga mbichi. Mafuta yanatenganisha chembe, na maji yanapita katikati yake. Kisha mimina maji yanayotokota kwa mfululizo mwembamba huku ukikoroga kwa mwiko. Utapata kitu kama ugali mlaini. Funika kwa sahani, acha dakika kumi.

Wakati huo chekecha ngano, pauda na soda pamoja mara mbili. Soda ina tabia ya kubaki na vidonge, na kidonge kimoja kisichosagika ni doa la kahawia lenye uchungu kwenye pankeki ya mtu.

Baada ya dakika kumi, koroga molasi ndani ya mahindi yakiwa bado na uvuguvugu. Uvuguvugu unailegeza, kwenye rojo baridi huzama chini na kukaa hapo. Pima molasi kwa kijiko kilichopakwa mafuta, itateleza yote bila kubaki. Fuata na mtindi, robo tatu ya kikombe, ukiponda mabonge kwa mgongo wa mwiko. Gusa: kidole kikivumilia bila shida, tia mayai yaliyopigwa. Ukiyatia mapema yataiva na utakuwa na nyuzi za mayai ndani ya rojo.

Sasa mimina ngano yote kwa mara moja na ukunje kwa mwiko, kutoka chini kuja juu, mara kumi na mbili au kumi na tano. Basi. Ukiona michirizi midogo ya ngano au vibonge vya ukubwa wa punje ya mtama, iache, itamalizika yenyewe. Anayepiga rojo mpaka liwe laini kama la chapati za maji anaikaza glutini, na pankeki yake itakuwa na mpira. Hili ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya lile la maji.

Acha rojo litulie dakika tano hadi saba, lisizidi ishirini. Kisha lijaribu. Inua mwiko: rojo liporomoke kwa vipande vizito, likae kama kilima kwa sekunde mbili ndipo litambae. Likikataa kuporomoka, ongeza ule mtindi uliowekwa kando, kijiko kimoja kimoja. Likitambaa mara moja, ongeza kijiko cha ngano na ukunje mara tatu tu. Mtindi hutofautiana sana. Wa kienyeji uliogandia kwenye kibuyu ni mzito kuliko wa pakiti, ndiyo sababu ya robo ile.

Moto

Molasi ina sukari zinazobadilika rangi haraka kuliko sukari nyeupe. Moto unaofaa chapati utaibabua pankeki hii nje na kuiacha mbichi katikati. Tumia kikaango kizito cha chuma kama kipo. Sufuria nyembamba ya alumini ina sehemu za moto na sehemu za baridi, na doa lake utaliona kwenye kila pankeki.

Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yote yavae majivu, kisha toa theluthi moja na ueneze yaliyobaki. Kwa gesi, washa moto wa kati dakika tatu kikaango kipate joto sawasawa, halafu shusha kidogo. Dondosha tone la maji: likicheza na kukauka kwa sekunde mbili au tatu, endelea. Likilipuka na kutoweka papo hapo, inua kikaango upoze. Paka mafuta kwa kitambaa safi, filamu nyembamba tu. Mafuta yakituama, kingo zinakaangika kama andazi na pankeki haipandi sawa.

Mimina robo kikombe cha rojo kutoka karibu, bila kulitandaza. Litajifanya duara la sentimita kumi hivi. Kwa pankeki za ngano watu hutazama rangi. Hizi ni za kahawia tangu zikiwa mbichi, kwa hiyo rangi haikusaidii. Tazama mambo mawili. Kingo zipoteze mng'ao, zionekane kavu kwa upana wa kidole. Na matundu ya juu yapasuke yabaki wazi badala ya kujifunga. Hiyo ni dakika mbili na nusu hadi tatu. Geuza mara moja kwa mwiko bapa, acha dakika moja na nusu. Usiikandamize. Kila anayeikandamiza anasikia kamlio kazuri ka mvuke, na mvuke huo ndio ulaini wenyewe unaondoka.

Ya kwanza ni ya kupimia moto, ivunje katikati uitazame. Ndani mbichi na nje nyeusi: moto mkubwa. Nje imepauka na ngumu: moto mdogo, imekauka kabla ya kuiva. Ndani kuna mifereji mirefu ya hewa: rojo limepigwa sana au soda imezidi. Ndani kunanata kama uji wakati nje ni sawa: rojo ni jepesi, au maji hayakuwa ya kutokota. Bado ina chenga: funika rojo lililobaki dakika tano zaidi kabla ya kuendelea, itapungua ingawa haitaisha.

Pangua makaa kadiri unavyoendelea, kwa sababu kikaango kizito huzidi kupata joto, na pankeki ya tano ndiyo huungua, si ya kwanza. Futa mabaki ya molasi kikaangoni kila baada ya mbili tatu. Yakiachwa yanakuwa masizi machungu yanayoshika kila inayofuata.

Zikitoka usizipange moja juu ya nyingine kwenye sahani. Zitatoa jasho, na zile za chini zitakuwa zimeloa. Ungo uliotandikwa kitambaa safi ni kifaa bora kuliko sahani yoyote, maana mvuke unapita chini. Zifunike juujuu.

Siagi au samli juu, na molasi ya kumimina. Molasi iliyobaki ipashe moto kidogo na uikamulie chungwa; machungwa ya Ukerewe yakiwa msimuni yanaikata ile nguvu yake vizuri kuliko ndimu. Ndizi mbivu zilizokatwa zinakaa vizuri kando. Chai iwe ya rangi na isiwe na sukari, au mtindi baridi kwenye kikombe. Chai ya maziwa yenye sukari juu ya pankeki hizi ni utamu juu ya utamu, na molasi inapotea.

Rojo halilali. Soda imeshafanya kazi yake ndani ya nusu saa, kwa hiyo kaanga lote. Pankeki zilizobaki zikipoa kabisa, zifunge vizuri. Kwenye friji hukaa siku mbili. Usizipashe kwa mvuke, zitalainika kama uji. Kikaango kikavu, moto mdogo, mfuniko juu, dakika mbili kila upande, kisha ondoa mfuniko nusu dakika ya mwisho ili kingo zirudi kukauka.